Shanta, Mtumbwi na Nyumba ya Baba Mkwe

Alhamisi, 1 Agosti

Nimepima shanta. Kilo ishirini na tatu. Nimelipima kwenye mzani wa stoo, ule wa kupimia mashuka machafu kabla hayajaenda kufuliwa, kwa hiyo hakuna ubishi. Mimi ni mtunza stoo wa hospitali. Miaka kumi na tisa niko na mashuka, na mgongo wangu umezoea kiti.

Sasa safari. Siku saba mtoni na ziwani, kwenye pori ambako hata simu inakata tamaa. Mitumbwi miwili, watu wanne. Baba mkwe alikuwa mpimaji wa mito mpaka alipostaafu, na anataka kuipita njia yake ya zamani kabla macho hayajamwishia. La kushoto limeshaondoka, la kulia linaaga. Kiongozi ni shemeji, mdogo wa kike wa mke wangu, fundi wa pampu za visima. Kisha mimi. Kisha mwanyumba wangu, aliyemwoa dada mkubwa. Daktari wa meno. Anatabasamu hata akibanwa kidole na mlango.

Kwa nini nakwenda? Mzee alimwambia mke wangu kwamba safari ikiisha atatutangazia alichoamua kuhusu nyumba. Nyumba! Vyumba vinne, baraza, ua wenye kivuli. Tangu mama mkwe afariki anakaa humo na shemeji tu. Sisi tuko watano katika vyumba viwili. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Mke wangu kasema niende kwa ajili ya baba yake, si kwa ajili ya nyumba ya baba yake. Nikamjibu kwamba huwezi kwenda kwa mmoja bila kupita kwa mwingine. Akanipa mgongo.

Shemeji kagawa mizigo ya pamoja. Mwanyumba kapewa vyakula. Mimi nimepewa sufuria ya chuma na sanduku la dawa, la bati. Nikapiga hesabu usiku kucha. Chakula hupungua kila kinapoliwa. Sufuria hailiwi.

Juu ya hayo nimeongeza kiti cha kukunja. Si changu, cha Mzee. Jioni ya kwanza, wenzangu wakihangaika kutafuta gogo la kukalia, mimi nitafungua kiti. Mtu hamsahau aliyempa kiti.

Jumamosi, 3 Agosti

Mtoni. Nimechoka na bado tunaona mahali tulipoliacha gari.

Mimi na mwanyumba tumewekwa mtumbwi mmoja. Shemeji kamchukua baba yake. Nilidai nikae nyuma, niongoze. Mwanyumba akakubali kwa tabasamu. Tukazunguka. Tukazunguka tena. Mara ya tatu nilimsikia Mzee akimuuliza bintiye kama tumepata mkondo mbaya, na shemeji akamjibu hapana, Baba, wamepatana wenyewe kwa wenyewe. Saa tano tukabadilishana nafasi, mtumbwi ukanyooka kama uzi. Nikasema ni upepo umetulia.

Shanta la mwanyumba ni jipya. Lina mikanda kumi na moja. Nimeihesabu kwa sababu mbele sikuwa na kingine cha kutazama, limejaa pale katikati kama abiria wa tatu.

Jioni tukapiga hema penye mchanga. Nikafungua kiti. Nilikifungua polepole ili kila mtu aone. Mzee akanishukuru sana, akasema mgongo wake hautaki kiti, unataka chini, ndivyo alivyozoea tangu kazini. Akakaa mchangani. Mwanyumba akauliza kama kuna anayekitumia. Kakikalia jioni nzima, miguu kaielekeza motoni, anamhadithia Mzee habari za magego. Mzee anacheka.

Mimi nilikalia sufuria.

Jumapili, 4 Agosti

Leo tumebeba. Mto unafika mahali unaanguka kwenye mawe, na hakuna mtumbwi wa kupita. Inabidi kutoka majini, kubeba kila kitu nchi kavu hadi chini ya maporomoko, na kurudi kuchukua kilichobaki. Kilomita moja na nusu. Matope, mizizi, mbu. Mikanda ya shanta iliniingia mabegani mpaka nikaanza kuwakumbuka kwa huruma wagonjwa wote niliowahi kuwacheleweshea mto wa kulalia.

Hapo ndipo akili ilipofanya kazi. Mwanyumba hupiga mswaki dakika sita kila baada ya kula. Sita kamili. Huwa namwona akitazama saa. Baada ya chakula cha mchana akaenda zake ukingoni na mswaki wake, nami nikaitoa sufuria kwenye shanta langu nikaipenyeza chini kabisa ya lake, nikarudisha nguo zake juu jinsi zilivyokuwa. Mtunza stoo hujua kupanga. Nikafunga mikanda yote kumi na moja.

Awamu ya pili ya kubeba nilitembea kama bwana harusi.

Halafu jioni. Shemeji anauliza sufuria iko wapi. Kabla sijafungua kinywa, mwanyumba akaitoa kwenye shanta lake, akasema aliona nimechoka ndiyo maana akaibeba. Kasema hivyo bila kunitazama. Mzee akampongeza. Akasema mizigo ya safari humwonyesha mtu. Shemeji akanitazama muda mrefu kuliko ilivyo lazima.

Nilimpakulia mwanyumba wali nikamshukuru. Wali ulikuwa wa moto. Shukrani ndiyo ilinichoma.

Jumatatu, 5 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Kila kitu kimelowa, hata mawazo.

Leo kulikuwa na sehemu nyingine ya kubeba, ndefu kuliko ya jana, kati ya mto na ziwa kubwa. Niliamka nikiwa na nia moja: kufika wa kwanza. Mwanyumba ana sifa ya sufuria, mimi lazima niwe na sifa ya miguu. Lakini sufuria imerudi kwangu. Nikaitafakari tena orodha yangu kama mtu anayetafakari familia yake. Nani anaweza kubaki?

Sanduku la dawa. Hakuna aliyeumwa tangu tuondoke. Na shemeji alishasema tutarudi kwa njia hii hii Alhamisi. Kwa hiyo si kulitupa. Ni kulihifadhi. Kila siku hospitalini nahifadhi vitu na hakuna anayeniita mwizi.

Katikati ya njia kuna gogo kubwa limeanguka kando ya mwamba. Mwanyumba alikuwa nyuma sana, shemeji alikuwa ametangulia na mtumbwi. Nikalitoa sanduku, nikaliweka chini ya gogo juu ya jiwe bapa lisilowe, nikalifunika majani. Nikaendelea.

Nilifika wa kwanza baada ya shemeji. Yeye akarudi kumchukua baba yake, aliyekuwa amemwacha mahali akipumzika. Walipofika, nilikuwa nimeshakaa na shanta liko chini, napumua kama mtu asiye na shida. Mzee akasema nimefika mapema, je, mzigo umekuwa mwepesi? Nikamwambia ni mazoezi. Mwanyumba kafika dakika ishirini baadaye, tabasamu limelowa.

Kwa mara ya kwanza tangu tuondoke naandika nikiwa na furaha. Nimeanza kufikiria baraza nitaipaka rangi gani.

Jumatano, 7 Agosti

Jana sikuandika. Mkono ulikataa kushika kalamu. Naandika sasa asubuhi, kila kidole kina lengelenge lake.

Jana asubuhi tulivuka ziwa, upepo ukitupiga usoni saa tatu nzima. Tulifika kwenye ulimi wa mawe upande wa pili. Shemeji aliruka kuushika mtumbwi, akamwambia Mzee asubiri ashikwe mkono. Mzee hakusubiri. Aliona jiwe ambalo halikuwepo, au hakuliona lililokuwepo. Mguu ukazama katikati ya mawe mawili. Alipoutoa, muundi ulikuwa umepasuka, urefu wa kidole cha kati, na damu inakuja bila haraka, kama maji ya bomba bovu.

Hakulia. Alisema tu samahani, kana kwamba amevunja glasi ya watu.

Shemeji akanigeukia akaomba sanduku.

Nililitafuta. Mungu anisamehe, nililitafuta kweli. Nilitoa nguo, kiti, sufuria, soksi moja moja. Nikageuza shanta kichwa chini nikalikung'uta. Nilijua halimo na bado moyo wangu ulikuwa unangoja lianguke. Mwanyumba alikuwa ameshavua shati lake safi, amelibana kwenye jeraha kwa mikono miwili. Hakuwa anatabasamu. Sikujua uso wake unaweza kukaa hivyo.

Alisema jeraha ni la kushonwa, na kwanza la kusafishwa vizuri, kwa sababu Mzee ana kisukari na mguu wa mwenye kisukari hauchezewi. Sindano, uzi, dawa ya kusafishia, vyote vimo sandukuni. Bila hivyo, siku tatu mpaka garini, anaweza kufika na homa, na wakamkata mguu. Aliyasema haya kwa sauti ndogo pembeni, lakini Mzee aligeuza kichwa.

Nikasema huenda limedondoka njiani jana. Nikasema nitalifuata.

Mwanyumba akataka twende wote. Hapana! Angeona lilivyofunikwa majani kwa adabu. Nikasema daktari habanduki kwa mgonjwa. Shemeji akasema siwezi kuongoza mtumbwi nikiwa na mtu, sembuse peke yangu, ataenda yeye. Ilikuwa kweli. Lakini Mzee akanyoosha mkono kumzuia.

"Mwache aende," alisema. "Anajua alipopita."

Shemeji akanipakia mawe mbele ya mtumbwi ili upepo usiuinue. Akanifundisha nipige magoti katikati, na nifuate ukingo, nisijaribu kukata ziwa. Hakuniambia neno jingine. Sikumlaumu.

Kwenda upepo ulikuwa mgongoni, ukanisukuma. Nikafika, nikaruka, nikakimbia kwenye ile njia bila shanta na bado miguu ilikuwa mizito kuliko siku zote. Sanduku lilikuwepo. Sisimizi walikuwa wameshahamia juu ya kifuniko. Nililikumbatia kama mtoto aliyepotea sokoni. Kisha nikakaa juu ya lile gogo nikalia kidogo. Hakuna aliyeona, kwa hiyo naandika.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Upepo usoni. Nikipiga kafi kumi nasogea, nikipumzika kidogo narudi. Mara mbili mtumbwi uligeuka wenyewe ukataka kunirudisha. Maji yaliingia, nikawa nachota kwa kiatu. Nililifunga sanduku kifuani kwa mkanda wa suruali, nikiwaza kwamba nikizama, angalau wakinipata watapata na dawa. Nakiri kwamba kwa muda wa saa tatu sikuiwaza ile nyumba. Niliwaza mguu tu. Labda mara moja niliwaza baraza, nikajionea aibu, nikapiga kafi.

Nilifika jua limebaki kiganja lizame. Mwanyumba alinipokea majini hadi kiunoni. Alishona nyuzi saba kwa mikono inayoshona fizi, mishono midogo midogo, Mzee ameng'ata mkanda wa shanta. Ikaisha. Mwanyumba akaenda kando akatapika, akarudi, akanipa chai yake.

Wakaniuliza sanduku lilikuwa wapi. Nikasema lilidondoka kwenye matope, mkanda ulilegea. Hapo ningenyamaza. Nikaongeza kwamba kulikuwa na mnyama analinusa, nikamfukuza kwa kafi. Mnyama gani? Mkubwa, nikasema. Shemeji akauliza kama kafi niliibeba mpaka msituni. Nikasema nina usingizi.

Ijumaa, 9 Agosti

Tumerudi kwenye gari. Mguu wa Mzee haujavimba, hana homa. Mwanyumba anaukagua asubuhi na jioni. Jana njia yote ya kubeba alimbeba Mzee mgongoni, na mimi nikabeba shanta lake juu ya langu, kwa hiari. Kwa hiari! Nilikuwa hoi kiasi cha kutokumbuka kumwonyesha mtu.

Asubuhi hii Mzee alisema atakaa mtumbwi wangu, shemeji aongoze wa mwanyumba. Kila mtu akaona ajabu. Nikajua nyumba imeiva. Kwa bahati mto hapo ni mpana na mpole.

Tulipotangulia kidogo, akaanza kuongea bila kugeuka. Alisema Jumatatu, siku ya mvua, bintiye alimwacha amekaa nyuma ya mwamba, karibu na gogo. Akasikia mtu amefika anahema. Akasikia mkanda unafunguliwa. Kisha bati juu ya jiwe. Kisha majani.

Niliacha kupiga kafi. Mtumbwi ukaanza kugeuka.

"Piga kafi," akasema. "Sikukusikia vibaya, nilikusikia vizuri."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, hata mguu ulipopasuka.

"Nilitaka kujua kama utalirudia. Mwenzako ni mtu mzuri, lakini sijui akikosea huwa anafanyaje. Wewe nimeshakuona."

Nililia tena. Safari hii imeniharibu macho kuliko yake.

Ufukweni akatangaza. Nyumba ni ya shemeji, aliyemtunza mama yao mpaka mwisho, na Mzee baada ya hapo. Shemeji amehamishiwa kazi mbali, visima vya huko havina fundi, kwa hiyo atapangisha. Na kwa kuwa Mzee hawezi tena kukaa peke yake, ilimbidi achague mkwe wa kukaa naye. Ndiyo maana ya safari. Ameamua kukaa kwangu.

Nikasema ni heshima. Nikasikia sauti yangu ikisema hivyo kutoka mbali.

Mwanyumba akanipa mkono. Akasema nimestahili. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa ameshamwandalia chumba, mkewe ameshashona mapazia.

Jumapili, 18 Agosti

Mzee yuko kwetu siku ya sita. Watoto wamehamia sebuleni. Shanta langu bado limelowa, liko chini ya kitanda, linatoa harufu ya ziwa.

Anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Anafungua madirisha yote, anasema nyumba lazima ipumue. Anawasha redio kusikiliza viwango vya maji vya mito ambayo mimi sitaiona tena, inshallah. Anamtambua kila mtu kwa hatua zake. Juzi alinisikia nikifungua kopo la sukari mara ya tatu, akamtajia mke wangu idadi.

Mke wangu ana furaha. Anaimba jikoni. Ananipakulia mimi kwanza. Watoto wanamgombania babu yao nani amshike mkono kwenda uani. Jana alinishika bega mimi, akasema mimi natembea vizuri, sina haraka. Tukaenda polepole. Ilikuwa sawa tu.

Lakini nimechoka. Sijalala usingizi wa kutosha tangu Julai.

Leo mchana mwanyumba kapiga simu. Alimsalimia Mzee, kisha akaniambia kwa unyonge kwamba kile chumba bado kiko tupu, mapazia yamening'inia, na mkewe akipita hapo hunyamaza. Kama Mzee angependa kuja hata kwa miezi michache, wangefurahi. Nikamwambia amwambie Mzee mwenyewe. Akasema hawezi, Mzee ameshaamua, itakuwa kama kushindana.

Nimelifikiria hilo mpaka jioni. Mtu anamtaka Mzee na anaona aibu kusema. Mimi sina aibu hiyo. Kinachotakiwa ni barua. Barua ya mwanyumba, ya heshima, ya kuomba, yenye neno "Baba" mara nyingi, ya kumsihi aende akae kwake. Kwa simu haifai, Mzee atajua sauti. Barua hana macho ya kuisoma. Nani atamsomea? Mimi.

Nimekaa na karatasi mbele yangu saa nzima. Nimejaribu kuiga mwandiko wa daktari, mkono unauma, malengelenge hayajapona vizuri. Ndipo nikapata nuru. Kama msomaji ni mimi, kuandika kwa nini? Nitaifungua bahasha mbele yake, nitakohoa, nitasoma kutoka kichwani.

Karatasi nimeikunja ikiwa tupu. Kesho baada ya chai. Karatasi haina sauti, hawezi kusikia kitu.